Kidawa na Kikohozi cha Baba Yake

Kidawa binti Msabah alitimiza miaka minne hajasema neno. Kila aliyepanda ngazi za nyumba ile ya Malindi, mjini Unguja, kumjulia hali mama yake alikuja na dawa yake. Mmoja alisema alambishwe asali iliyosomewa. Mwengine alisema akatwe kilimi. Wa tatu alisema wanawake wa ukoo wa baba yake wote walichelewa kusema, na sasa nani awezaye kuwanyamazisha. Daktari wa hospitali alimpigia mtoto makofi nyuma ya kichwa. Mtoto akageuka, daktari akasema masikio mazima, rudini nyumbani.

Mama yake, Mwanakheir, alirudi nyumbani, akangoja.

Asubuhi moja alikuwa akikuna nazi, akasikia: "Hodi, Bi Mwanakheir. Changu leo mzima, bado anaruka." Ilikuwa sauti ya Bi Sichana, jirani muuza samaki wa nyumba ya pili, na mguno wake wa kuchoka na ngazi. Mwanakheir akaitika karibu, akafuta mikono, akaenda mlangoni. Hapakuwa na mtu. Aligeuka, akamuona Kidawa amekaa kwenye mkeka akizipanga komwe za bao mstari mmoja, kama alivyokuwa akizipanga kutwa, na midomo yake ndiyo iliyokuwa ikifumba.

Siku ile alikaanga visheti akagawa mtaa mzima. Khofu ilikuja baadaye, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda ukutani wakati wa masika.

Maana Kidawa hakuwa na maneno yake. Alikuwa na maneno ya watu, mazima, na sauti zao na pumzi zao. Hakuwahi kuita "mama." Akitazamwa usoni, macho yake yaliteleza pembeni. Akiwa na kiu hakuomba maji, alisema, "Unataka maji, mwanangu?" kwa sauti ya Mwanakheir mwenyewe, kama alivyoulizwa siku fulani ya joto. Akitishika, radi ikipiga au mbwa akibweka chini, alijikunja akajiambia, "Usiogope, mwanangu, sindano haiumi," kwa sauti ya puani ya muuguzi aliyemchanja akiwa na miaka miwili. Miaka miwili mizima aliiweka sauti ile ndani, hata ilipokuja kutoka ilikuwa haijapungua kitu.

Mwanakheir hakusoma sana: juzuu chache chuoni na madarasa matatu ya skuli, huko kwao Tumbatu, kabla hajaolewa mjini. Lakini jicho alikuwa nalo. Aliona kuwa mtoto haropoki. Kila usemi ulikuwa na mahali pake. Akajifunza huu ni wa kiu, huu wa njaa, huu wa kutaka kubebwa, kama mtu anayejifunza funguo za nyumba ya kupanga.

Na jicho lile alilipata kwa kuogopa. Tangu mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, alikuwa amejifunza neno linaweza kumfanya nini mtu. Funzo la karibu kabisa lilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba yao, kwa Mmanga fundi cherehani. Mmanga alikuwa mcheshi. Siku moja mwaka 1969 alisema kitu barazani, watu wakacheka, na jioni yake watu wawili wakaja kumchukua. Alirudi baada ya miezi minne, kanzu imemzidi. Tangu siku ile ukimuuliza habari za afya, za mvua au za bei ya uzi, jibu lake lilikuwa moja, Alhamdulillahi, na mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani. Alisema neno gani siku ile? Waliokuwapo wote walilisikia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kulirudia.

Mwanakheir alikuwa na mtoto anayerudia.

Mwaka 1971 mchele ulikuwa haba, na watu wakipanga foleni tangu alfajiri na kadi zao mkononi. Msabah, mumewe, alikuwa mchukuzi bandarini. Vumbi la magunia ya karafuu lilimwachia kikohozi cha namna yake: viwili vifupi, kisha pumzi ndefu. Mtaa mzima ulikijua. Bi Sichana alikuwa akisema kuwa yeye humuona Msabah kwa masikio kabla hajapinda kona.

Adhuhuri moja Msabah alirudi akawekewa muhogo, siku ya nne mfululizo. Alilitazama sinia, akamtazama mkewe.

"Nchi hii, mke wangu," akasema, "karibu hata kukohoa tutapangiwa foleni." Akakohoa viwili, akavuta pumzi. "Haya, nshakohoa bila ya kadi. Usinseme."

Mwanakheir alicheka kabla hajajizuia. Kisha akaenda akafunga dirisha. Kidawa, miaka mitano, alikuwa pembeni na komwe zake. Wala hakuinua kichwa.

Baada ya siku nane Mwanakheir alisimama foleni mbele ya duka, mtoto kamshika mkono, kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Walisimama saa mbili. Foleni ilisimamiwa na Borafya, mtu wa tawi la chama, ambaye zamani alikuwa akicheza bao na Msabah barazani. Sasa alikuwa na daftari, na bao hachezi tena. Wanawake walikuwa wamechoka, wamenyamaza. Katika kimya kile ikatoka sauti ya mwanamme, nzito, ya kukwaruza, kutoka chini usawa wa mapaja yao:

"Nchi hii, mke wangu, karibu hata kukohoa tutapangiwa foleni."

Kisha vikohozi viwili vifupi, na pumzi ndefu.

Mmoja alicheka, akakata kicheko kama anayekata uzi kwa meno. Borafya aligeuka. Mtoto alikuwa ameshavuta pumzi, na Mwanakheir alijua kinachofuata: neno la kadi. Hapo Bi Sichana, aliyekuwa nyuma yao, akaanza kukohoa.

"Vumbi la magunia hili," akasema, "litatumaliza." Akakohoa tena, kwa bidii, akiinama. Mwanamke wa mbele yake akakohoa. Na wa mbele yake. Ikawa foleni nzima inakohoa, vikapu vinatikisika, na Kidawa, ambaye hapendi kelele, akajiziba masikio akanyamaza.

Borafya alingoja wamalize. Hakupandisha sauti.

"Mtoto ni kioo," akasema. "Na kikohozi kile nakijua, Bi Mwanakheir."

Akaashiria apimiwe mchele wake, kipimo kamili.

Msabah alipohadithiwa hakukaa chini. Alisimama na fulana yake ya kazini mkononi.

"Alisema neno zima?"

"Zima. Na kikohozi."

"Na la kadi?"

"La kadi hakufika. Bi Sichana kakohoa."

"Tumkanye basi."

"Utamkanya nani, baba Kidawa? Ukimwambia 'usiseme haya,' kesho atasimama njiani aseme 'usiseme haya,' kwa sauti yako hiyo hiyo. Watu waulize, haya gani?"

Msabah alifikiri, akaona lake. Tuseme kinyume, akasema. Kinyume ni usemi wa kale wa Unguja, wa vijana wanaoficha siri na wake wanaowateta mawifi mbele yao: unakata mkia wa neno ukaufanya kichwa, mchele ukawa lemche, sukari ikawa risuka. Mwanakheir alijifunza alipokuwa biharusi. Wakadhani mtoto hatayashika maneno yaliyopinduliwa. Wiki nzima walisema kinyume ndani ya nyumba, na usiku wa pili walikwishaanza hata kuchekeshana.

Hawakujua kuwa kwa Kidawa maneno yote yalikuwa sawa, ya wima na ya kupinduliwa. Yeye alikuwa akichukua sauti.

Siku ya tisa alisimama dirishani, uso kati ya nondo, akawatangazia wapita njia kwa sauti ya baba yake: "Fyabora taamepi. Fyabora taamepi." Watoto wa chini hawakuhitaji mkalimani. Wakaipokea wakaikimbiza uchochoroni, "Borafya amepita, Borafya amepita," hata ikaishia sokoni.

Jioni hodi ilibishwa, na aliyepanda ngazi alikuwa Mmanga. Hakuwa amepanda ngazi zile tangu kurudi kwake. Alisimama kizingitini, tepu ya kupimia shingoni.

"Neno la wazi ni neno," akasema. "Mtu anaweza kusema, nilitania. La kinyume ni njama. Hilo hutasema ulitania." Sauti yake ilikwaruza kwa kukaa. "Acheni."

"Tufanye nini basi, fundi?"

Mmanga alifikiri kama mtu anayetafuta kitu mfukoni asikione. "Alhamdulillahi," akasema, akateremka.

Basi wakanyamaza.

Walikubaliana kwa maneno machache ya mwisho: ndani ya nyumba ile lisisemwe neno mtoto akiwa macho. Waliitana kwa kugonga kikombe. Waliulizana kwa nyusi. Mgeni akija, Mwanakheir alimpokea ngazini, kidole mdomoni, akasema mtoto kalala. Siku za mwanzo aliona raha ya mtu aliyefunga mlango wa nyuma. Alikaa akisikiliza, na hakusikia kitu cha kuogopa.

Kisha akaanza kusikia kile asichokisikia.

Kwanza iliondoka hodi ya Bi Sichana. Halafu ikaondoka adhana ambayo Kidawa alizoea kuinong'ona alasiri. Semi zake zilipukutika mmoja mmoja, na Mwanakheir alizihesabu kwa vidole vya mkono hadi mkono ukabaki mtupu. Mtoto alianza kujing'ata kiganja. Alianza kukigonga kichwa ukutani, taratibu, bila ya kulia. Siku ya ishirini mama yake alimkuta amesimama mbele ya mtungi, midomo imekauka hadi inapasuka, wala hakujua kasimama hapo tangu saa ngapi. Hakusema, "Unataka maji, mwanangu?" Alisimama tu. Mwanakheir alimpa maji bila ya neno, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana, na kata ikagonga meno ya mtoto.

Baadaye alimwinamia sikioni akamnong'oneza yeye: Unataka maji, mwanangu? Mara moja, mara tatu. Kidawa alitazama ukuta.

Khofu sasa zilikuwa mbili. Akisema, watamchukua baba yake. Asiposema, anakwenda mwenyewe, pale pale mkekani, na hakuna wa kumfuata. Alizipima usiku na mchana na kila mara ile aliyoiweka chini ilikuwa nzito kuliko aliyoishika.

Msabah ndiye aliyekata shauri, kwa kunong'ona. Mtoto apelekwe Tumbatu, kwa Bi Mashavu, mama mdogo wa Mwanakheir. Kule atasema atakalo. Watakaosikia ni kuku. Ijumaa. Mwanakheir hakubisha. Alijua kuwa Bi Mashavu hana hata ufunguo mmoja wa semi zile, kwamba Kidawa atasimama mbele ya mtungi wa Tumbatu hadi aanguke. Alijua pia kuwa mumewe siku hizi hukohoa ndani ya mto. Akafunga furushi, magauni matatu na komwe zote, akaliweka kando ya mlango.

Kidawa alilifungua akatoa komwe zake, akarudi mkekani.

Jumatano, saa nne asubuhi, ikabishwa hodi ambayo hakuitarajia.

"Sabalkheri, Bi Mwanakheir."

"Sabalkheri, ndugu Borafya. Karibu."

Borafya aliingia na daftari lake, akakaa kwenye kiti cha Msabah. "Nahakiki kadi. Mpo watatu?"

"Watatu."

Jicho lake lilikwishafika kwenye furushi. "Nani anasafiri?"

"Mtoto. Anakwenda Tumbatu kwa mama yangu mdogo."

"Tumbatu." Akaandika. "Na kutoka Tumbatu?"

Mwanakheir alielewa. Wako waliotoroka nchi wakapitia huko, mashua zikawavusha bara, na waliobaki nyuma wakaulizwa. "Huko ndiko mwisho," akasema.

"Nasikia humu ndani mlikuwa mkisema kinyume."

"Mchezo wa kitoto."

"Na sasa nasikia hamsemi kabisa. Majirani wanasema nyumba hii imekufa. Nikajiuliza, Msabah yule yule niliyekuwa nikimfunga bao akanitukana mpaka alasiri? Kimeingia nini humu?"

Mwanakheir aliutazama mkeka. Borafya aliinuka, akachutama mbele ya mkeka, magoti yake yakalia.

"Haya, Kidawa," akasema kwa upole. "Baba anasemaje kuhusu foleni?"

Kidawa alikuwa akiweka komwe. Aliiweka moja, akaisawazisha kwa ncha ya kidole. Kisha akakohoa. Viwili, vifupi. Akavuta pumzi ndefu.

Mwanakheir alikijua kikohozi kile kinapokwenda. Tangu siku ya foleni hakuyasikia maneno yale. Sasa yalikuwa yamesimama nyuma ya meno ya mtoto, yote, na la kadi pamoja. Angeweza kumrukia akamziba mdomo. Mikono haikunyanyuka. Alihisi uso wake unaachia, mdomo unatetemeka, na hakuwa na nguvu ya kuushika.

Kidawa akageuza kichwa. Akamtazama mama yake; akautazama ule mdomo. Aliziacha komwe, akainuka, akaja hadi alipokuwa mama yake, akaweka kiganja chake kilichong'atwa juu ya shavu lake. Na kwa muda wa kupepesa ukope mmoja macho yake yakaingia ndani ya macho ya Mwanakheir, yakakaa.

"Usiogope, mwanangu," akasema, kwa sauti ya puani. "Sindano haiumi."

Hakuwahi kumwambia mtu usemi ule. Siku zote alijiambia mwenyewe.

"Sindano gani?" akauliza Borafya.

Borafya alimtazama mtoto, akamtazama mama, akainuka akijishika kiuno. Alifungua daftari lake. Aliposema tena alisema polepole, kama anayemsomea mtu asiyejua kusoma.

"Huyu hajui kusema. Sivyo? Anatoa maneno ovyo, kama kasuku. Leo sindano, juzi kikohozi. Hayana mwenyewe, wala hayana maana."

Kwa maneno yale aliwaachia mlango wa kuokokea, na Mwanakheir aliuona. Aliona pia kuwa mtoto ndiye atakayebaki nje yake. Kiganja cha mtoto kilikuwa bado shavuni, kina joto, kinanata.

"Bi Mwanakheir. Nakuuliza."

"Naam," akasema. "Hajui."

"Maneno yake hayana maana."

"Hayana."

Borafya aliandika, muda mrefu kuliko maneno yenyewe. "Basi hivyo ndivyo ilivyo," akasema. "Na lile furushi lifungue. Kadi ni ya watu watatu. Akiondoka mmoja nitakata mchele wake, halafu mje mnikoholee tena." Akateremka ngazi. Walimsikia chini akimwamkia Mmanga, na Mmanga akijibu jibu lake.

Kidawa alikwisharudi mkekani.

Furushi likafunguliwa. Msabah aliporudi na kusimuliwa alikaa sakafuni karibu na mwanawe akakohoa kikohozi chake chote kwa sauti, na usiku ule walizungumza, kwa woga kwanza, habari za muhogo na za mvua. Mwanakheir aliyachagua maneno. Tangu asubuhi alimwambia mtoto yale yanayoweza kusemwa mbele ya yeyote: mchele unaoshwa, nazi inakunwa, paka kalala, jua limefika dirishani. Aliyasema vizuri, kwa sauti yake iliyo njema, kama mtu anayeweka akiba ghalani. Baada ya siku kumi na moja alisikia nyuma yake, "Unataka maji, mwanangu?" akamwaga nusu ya kata kwa haraka.

Mengine yalirudi, na mapya yakaja. Msabah hakuchukuliwa. Borafya alihamishiwa Kiembe Samaki mwaka uliofuata, akaja mwengine, ambaye hakujua bao wala kikohozi. Kidawa alifika miaka saba, akajua kumvuta mama yake kanga anapotaka kitu, na mara nyengine humtazama.

Lakini kila hodi inapobishwa, kabla mtu yeyote hajaitika, yeye huacha komwe zake akasema, kwa sauti ya mwanamke anayemeza kitu kigumu: "Naam. Hajui."

"Hajui nini, mwanangu?" wageni huuliza wakicheka.

Mwanakheir anajua mahali pa kila usemi wa mwanawe. Huo tu hajathubutu kuutafutia mahali. Siku hizi akisikia miguu ngazini huinuka upesi, akafungua mlango kabla haujabishwa.